Gari la kuundiwa nyumbani lipimwe, lisichekwe

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tunawafundisha watoto wetu methali hii kana kwamba inahusu majahazi ya kale peke yake, na kana kwamba waundaji wote walikwisha kufa na kuzikwa. Mimi niliielewa maana yake nikiwa nimelala chali chini ya gari, uso umejaa vumbi la chuma, katika ua wa nyumba yangu mwenyewe.

Kwa muda wa miaka tisa, kuanzia mwaka wa 2014 hadi 2023, nilikuwa nikiunda gari. Sizungumzii kukarabati gari bovu. Naam, nasema kuunda: kukata chuma, kukiunganisha, na kukipa umbo ambalo hapo awali halikuwapo. Ni gari dogo la wazi, la viti viwili, lisilo na paa wala milango, la aina ile iitwayo gari la spoti. Majirani wamelicheka, watoto wa mtaa wamelipenda, na mke wangu amelivumilia.

Gari hilo sasa limekamilika, nalo limefunikwa turubai. Halijakanyaga barabara ya umma hata siku moja. Sababu ya kulifanya likae hapo ndiyo iliyonifanya niishike kalamu, kwani naamini inawahusu watu wengi kuliko mwalimu mmoja wa fizikia na kichaa chake.

Kwanza, niseme kwamba wazo hili silo langu. Mwaka wa 1948 kijana mmoja Mwingereza, Colin Chapman, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi mjini London, alichukua gari kuukuu aina ya Austin 7, akalivua bodi yake na kuliundia nyingine katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa gari la kwanza la Lotus. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka wa 1963, dereva Jim Clark alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za Formula One akiendesha gari la Lotus. Banda la ukweni lilikuwa limezaa kiwanda.

Mwaka wa 1957 Chapman alianza kuuza gari liitwalo Lotus Seven. Uzito wake ulikuwa karibu nusu tani tu, na mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande vipande akaenda kujiundia nyumbani. Siri ilikuwa kodi. Nchini Uingereza wakati huo, gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, ilhali vipande vyake havikutozwa. Kwa hivyo makarani, mafundi na walimu waliweza kupata gari la mbio kwa bei waliyoimudu, mradi tu wawe na spana, banda na subira.

Nafuu hiyo ya kodi ilimalizika mwaka wa 1973, lakini desturi haikumalizika. Mnamo 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kuunda gari la namna hiyo kwa pauni 250, kwa kutumia chuma cha kawaida na vipuri vya Ford Escort kuukuu. Nakala ya kitabu hicho ilinifikia ikiwa haina jalada, kutoka kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba aliyevitandaza kando ya njia. Nilinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Laiti ningalijua kwamba huo ulikuwa mwanzo tu wa gharama!

Ford Escort za zama hizo zimeadimika kwetu. Nilichokipata mimi ni Toyota Corolla ya miaka ya themanini, ile ambayo wengi wanaikumbuka kwa jina la DX. Ilikuwa imegongwa ubavuni na kutupwa nyuma ya gereji, majani yakiota hadi ndani ya viti. Fadhila yake ni kwamba injini imekaa mbele, na magurudumu yanayosukuma gari ni ya nyuma, sawasawa na Escort. Corolla zilizofuata husukumwa na magurudumu ya mbele, nazo hazifai kwa mpango huu.

Mifupa ya gari langu ni mirija ya mraba ya chuma, yenye upana wa milimita 25 na unene wa kama milimita moja na nusu. Hiyo ndiyo mirija ile ile ambayo mafundi wetu wa jua kali huitumia kutengenezea milango ya ua na vitanda vya wanafunzi wa bweni. Huuzwa kwa mita sita sita. Hukatwa kwa msumeno, ikachomelewa katika maumbo ya pembetatu. Mraba ukisukumwa pembeni hulegea na kulala. Pembetatu haiwezi kulegea mpaka chuma chenyewe kipinde au kikatike. Jambo hilo nilikuwa nimelichora ubaoni kwa miaka mingi. Kulishika kwa mikono ni elimu nyingine kabisa.

Vipuri nilivitafuta katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Propela, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ilikuwa ndefu kupita kiasi. Fundi mmoja wa kukereza vyuma huko Kariobangi aliikata, akaiunganisha upya, kisha akaizungusha na kuirekebisha mpaka ikaacha kutetemeka. Hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alikuwa na sikio. Aliniambia kwamba chuma kilichopinda huimba vibaya.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilifanya hivi kwa kubana matumizi. Nikijumlisha risiti nilizozihifadhi na zile nilizozificha ili mke wangu asizione, nimetumia zaidi ya nusu milioni ya shilingi. Ningaliweza kununua gari la mtumba lenye paa. Kuna miaka miwili mizima ambayo sikufanya lolote kwa sababu karo ya watoto ilitangulia. Mama Neema aliwahi kuniambia, "Baba Neema, hilo gari litanizika mimi kabla hujaliendesha." Sikuwa na jibu.

Ila zipo faida ambazo risiti haziwezi kuzionyesha. Sisi ni taifa la watu wanaonunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine. Kanuni zetu zinakataza kuingizwa nchini kwa gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane, nasi hulipokea gari hilo kama tulivyolikuta. Likiharibika hatuulizi kwa nini. Twauliza kipuri ni bei gani. Fundi wetu amekuwa hodari wa kufungua na kufunga, lakini ni nadra kupewa nafasi ya kuuliza kwa nini kitu kiliwekwa hapo kilipowekwa.

Aundaye hana budi kuuliza. Breki hii inahitaji nguvu kiasi gani? Usukani ukigeuzwa, gurudumu la ndani lazima ligeuke zaidi kuliko la nje. Basi vyuma hivi viinamishwe kwa pembe gani? Nilipokwama, niliuliza wanafunzi wangu, na wale waliokuwa wakisinzia katika somo la nguvu na mizani waliamka. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, mpwa wangu alikuja kukaa nasi. Mwezi wa Agosti mwaka huo tuliiwasha injini kwa mara ya kwanza. Majirani walidhani kuna ndege inayoanguka.

Sasa nifike pale ambapo singependa kufika. Mwezi wa Desemba 2020 tulilipeleka gari katika shamba la rafiki yangu kulijaribu. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, aliniomba alishike usukani, nami nikamkubalia. Alikuwa akienda kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Gurudumu la kushoto la mbele likapita juu ya tuta dogo la mchwa, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, na gurudumu likalala ubavuni. Gari likageuka lenyewe na kujitumbukiza katika ua wa miiba.

Kijana alipasuka mdomo na kupoteza jino moja. Hayo tu, namshukuru Mwenyezi Mungu. Usiku ule sikulala. Niliendelea kuhesabu: lau angalikuwa kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, na lori likija mbele yake?

Kesho yake nilimwita fundi mmoja mzee, mchomeleaji wa miaka mingi, nikamwonyesha kile kibati kilichoshikilia mkono wa gurudumu. Alikitazama kwa muda mrefu, akakipitisha kidole. "Mwalimu," akaniambia, "hapa ulichomelea vizuri. Kisha ukachukua grainda ukaikwangua kazi yako yote ukaitupa chini. Kilichokuwa kimeshikilia hapa ni rangi."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeona kwamba ule mshono wa kuchomelea una manundumanundu, nikaona aibu. Nikausawazisha kwa grainda mpaka ukalingana na chuma, nikaupaka rangi nyeusi, nikajisifu. Kumbe yale manundu ndiyo chuma chenyewe kilichokuwa kikibeba mzigo. Nilitanguliza sura nikasahau nguvu, na mtoto wa dada yangu nusura alipie.

Mzee yule alinilazimisha kukata kila kibati nilichokuwa nimekichomelea kwa mikono yangu. Tukavirudia vyote, tukaongeza vibati vya pembetatu vya kutilia nguvu kwenye kona, na safari hii hatukukwangua kitu. Kazi hiyo ilichukua miezi kumi na mmoja. Gari langu leo lina mishono yenye sura mbaya, nami huionyesha kwa fahari.

Msomaji atauliza: baada ya balaa hilo, mbona hukuliuza kwa wauza vyuma chakavu? Jibu langu ni kwamba nilijifunza jambo ambalo sikulijua miaka yote ile. Muundaji hawezi kujipima mwenyewe. Jicho lililokosea ndilo lile lile linalokagua, nalo huona kile linachotaka kuona. Tangu siku ile sikutaka sifa za mtu. Nilitaka mtu mwenye mamlaka na ujuzi aliinamie gari langu, aligonge kwa nyundo, anikatalie panapostahili kukataliwa.

Mwaka wa 2023, kazi ilipokamilika, nikaenda kulitafutia mtihani huo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Katika dirisha la kwanza niliulizwa gari ni la kampuni gani. Nikasema ni langu. Kicheko kikaenea hadi nyuma ya foleni. Katika dirisha la pili nilipewa fomu iliyotaka nchi lilikotengenezwa, mwaka, na nambari ya chasisi. Nilipoandika "Kenya", karani akadhani nimekosea.

Katika dirisha la tatu nilipata afisa mpole, na upole wake ndio uliozidi kunisikitisha. Alinishauri kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, si ulikuwa na Corolla? Basi sema hili ni ile Corolla, umebadilisha rangi. Yaishe." Alikusudia kunisaidia. Lakini hebu tufikiri: mtu aliyekuja kuomba akaguliwe alikuwa akifundishwa namna ya kukwepa kukaguliwa. Hakuna aliyenionyesha kifungu cha sheria kinachokataza gari langu, wala hakuna aliyenionyesha mlango wa kuliingizia. Nikarudi nyumbani, nikatandaza turubai.

Najua wapo watakaosema kwamba ofisi ilifanya vyema. Katika miaka ya karibuni barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Je, tuongeze na magari ya uani? Hoja hiyo ina uzito, nami niliyemtoa mpwa wangu miibani ndiye wa mwisho kuidharau. Ila naona inaniunga mkono. Kumfungia mlango mtu mwaminifu hakumzuii asiye mwaminifu. Huyo atatumia hati za gari jingine na kesho utampata barabarani, mishono yake imekwanguliwa na kupakwa rangi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona.

Waingereza, ambao barabara zao ni miongoni mwa zile zenye usalama mkubwa duniani, hawakuyapiga marufuku magari haya. Waliyawekea mtihani. Tangu 1998 gari la kuundiwa nyumbani lilitakiwa kukaguliwa peke yake kabla ya kusajiliwa, na utaratibu huo ulifanywa upya mwaka wa 2009. Mkaguzi hutazama breki, taa, vioo, mahali pa kufungia mikanda ya usalama, moshi na kelele. Hupima hata ncha za nje, kwani zile zinazoweza kumgusa mpita njia sharti ziwe na mviringo usiopungua milimita mbili na nusu. Gari likishindwa, mwenyewe hupewa orodha ya makosa, akarudi bandani, akarekebisha, akaja tena. Na lile ambalo asili yake haijulikani barabara hupewa nambari inayoanza kwa herufi Q, ili kila mtu ajue.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mabasi mengi yanayotubeba na kuwapeleka watoto wetu shuleni yameundiwa bodi papa hapa nchini, juu ya chasisi zilizotoka nje. Zamani kila muundaji alifanya alivyopenda, na ajali zilipotokea, viti viling'oka na paa zikabonyea. Serikali haikuwafukuza waundaji hao. Iliwawekea kiwango, kile kijulikanacho kama KS 372 cha mwaka wa 2014, kinachoeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kuwa. Ikiwa tumeweza kumpimia mtu gari la abiria sitini, twashindwaje na la abiria wawili?

Wazee wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, hawakuhitaji kuambiwa haya. Chombo hakishuliwi majini kabla ya kutazamwa mbao zake, misumari yake na kalafati yake, na wenye kutazama si yule aliyekiunda peke yake. Bahari haijali nia njema ya fundi. Barabara nayo haijali.

Kuna somo jingine ambalo tulilipata kwa gharama kubwa. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Vijana wetu walifanya kazi ya kustaajabisha, na mwaka wa 1990 magari ya mfano ya Nyayo yalizinduliwa pale Kasarani. Shirika likaundwa ili yatengenezwe kwa wingi. Fedha hazikupatikana, mradi ukafifia, na shirika lenyewe baadaye likageuzwa kuwa kampuni ya Numerical Machining Complex.

Wengi huutaja mradi huo kwa dhihaka. Mimi siucheki. Nafikiri tulitaka kiwanda kabla ya kuwa na mabanda. Chapman alitoka katika kundi la vijana waliokuwa wakiunda, wakivunja na kuunda tena katika mabanda yao, wakishindana Jumapili kwa Jumapili. Kiwanda kilipokuja, kiliwakuta watu waliokwisha kukosea mara nyingi. Sisi tulimwamuru mhandisi asikosee hata mara moja, kisha fedha zilipokwisha hapakuwa na mtu wa kuiendeleza kazi hiyo uani kwake.

Kwa hivyo natoa rai yangu kwa wahusika. Kwanza, atakaye kuunda gari ajiandikishe kabla ya kukata chuma cha kwanza, apewe nambari ya chasisi na orodha ya mambo yatakayopimwa. Pili, gari likaguliwe kwa hatua, na hatua ya kwanza iwe pale mifupa ikiwa mitupu, kabla ya rangi kufunika dhambi. Taasisi zetu za ufundi zina walimu na mashine za kutosha kwa kazi hii. Tatu, muundaji alipe gharama yote ya ukaguzi, na gari lake liwe na alama ya kulitambulisha. Asiyetaka masharti hayo, na abaki na turubai lake.

Siombi kodi ipunguzwe wala siombi ruzuku. Sidai kwamba magari haya yatatuondolea msongamano au kutuletea fedha za kigeni. Gari langu haliwezi kubeba gunia la mahindi, na mvua ikinyesha huloa mimi pamoja na usukani. Nadai tu kwamba nchi inayotaka kuwa na wahandisi haina budi kuwa na mahali ambapo raia wa kawaida anaweza kuleta kazi ya mikono yake na kuambiwa ukweli.

Mpwa wangu sasa anasomea uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua kitu kingine, alinionyesha lile pengo la jino, akasema, "Mjomba, nataka kujua mshono mbovu kabla haujanitupa." Likizo iliyopita alilifunua turubai, akaupitia kila mshono kwa taa na kioo kidogo. Aligundua mmoja ulio na tundu dogo kama la sindano, chini ya kiti cha dereva. Mimi nilikuwa nimeupita mara mia.

Tumeukata na kuuchomelea upya. Inawezekana upo mwingine. Ndiyo maana nangoja siku nitakapoitwa kulileta gari likaguliwe. Wakilikataa nitarudi nalo nyumbani nikalirekebishe, jinsi ninavyowaambia wanafunzi wangu wafanye. Lakini katika miaka yangu yote ya ualimu, sijamwona mwanafunzi aliyesahihishwa makosa yake katika mtihani ambao hakuruhusiwa kuufanya.